Konzi Juu ya Bati

Machi, daktari wa Saskatoon alinipasua koo,
akatoa alichotoa, akaniachia mnong'ono.
Mnong'ono mzuri tu, ukiwa jikoni na friji imenyamaza.
Lakini hospitali iko mwendo wa saa tatu,
na pikapu ya Orest ni rika la kitinda mimba wetu, Taras,
aliyekwisha kuota kipara.

Husemwa debe tupu haliachi kuvuma.
Hili letu halikuwa tupu hata siku moja:
mbegu, seng'enge, ndama mgonjwa, mimi,
na bado lilivuma.
Kwenye changarawe liligonganisha meno,
kwenye lami likashika uuu moja hadi mjini,
na katikati ya uuu hiyo nilisema jambo.
Orest akajibu, "Ndiyo, mvua inakuja."
Sikuwa nimetaja mvua.
Safari iliyofuata hakujibu. Alinitazama midomo
hadi tairi la kulia likaonja mtaro.

Basi Aprili, theluji ingali imeegemea ghala,
aling'oa viti. Sikuulizwa.
Kutoka dirishani niliona soli za buti zake,
kisha mkono, ukibisha bati kwa konzi,
kichwa kimeinama kama mtu anayechagua tikiti maji.
Bati lililolia kama sufuria alilitia chaki.
Kufika jioni sakafu nzima ilikuwa chaki.

Alikuja kuazima mashine yangu ya kukaushia nywele.
Hakusema ya nini. Ilirudi inanuka lami.

Ndani ya mlango wangu alikuta
skrubu mbili,
senti moja ambayo nchi imeshaacha kuitumia,
punje za ngano zilizowahi kujaribu kuota,
na hereni yangu, ile niliyomshukia dadake, Olha,
tangu harusi ya Taras.
Aliiweka mezani kando ya chumvi, akarudi ghalani.
Miaka kumi na tisa mimi na Olha tunasalimiana kwa kidevu.

Mipira ya milango ilikuwa imekauka kama maganda ya vitunguu.
Akaagiza mipya kwa fundi Desjarlais,
aliyemwambia, "Kwa pesa hizi nunua gari."
Orest alisema atafikiri. Hakufikiri.
Akavua tairi za matope zilizokuwa zikinguruma,
akaibana ekzosi isigonge chesisi,
na nyufa za dashibodi akazishindilia vipande
vya blanketi la mbwa tuliyemzika vuli.
Usiku alilala ananuka gundi,
vidole vikibisha ubao wa kitanda.

Mei tukaondoka.
Changarawe ilipita chini yetu
kama mchele unaopepetwa nyumba ya pili.
Lami ilipoanza tulitazamana kama wezi.
Ulibaki mlio mmoja tu: ti, ti, ti,
mahali fulani mbele, karibu na kioo.
Orest aliukunjia uso.

"Haya, sema sasa," akaniambia.
Na mimi, niliyeweka akiba ya maneno miezi miwili,
ng'ombe wauzwe kwa nani, shamba lipewe nani,
kama majibu ya leo yakiwa mabaya nisifichwe,
nikayaita. Yalipanda hadi kwenye mshono, yakaketi.
Miaka arobaini tulikuwa na kelele ya kuisingizia.

"Orest," nikanong'ona.
Akainua mkono kwenye usukani, kiganja wazi,
kama anayesubiri kurudishiwa chenji.
Ule mlio ukakoma.

"Njia ya kwenda hospitali tumeshaipita."

Alicheka hadi ikabidi asimame pembeni.
Alipogeuza gari na kushika tena usukani,
ti, ti, ti: pete yake,
imelegea kwenye kidole kilichokonda tangu Machi.

Mpaka leo anausaka mlio huo.
Jana alifungua dashibodi mara ya tatu,
tochi mdomoni, bisibisi sikioni.
Sauti ya kumwambia ninayo.